Gari la Jumamosi

Watu wengi wanadhani gari huharibika kwa kuendeshwa. Si kweli, na nimechoka kulieleza jambo hili kwa watu wazima wenye akili zao timamu. Gari linaloendeshwa linachakaa, sawa, kama kiatu kinavyochakaa. Lakini gari linaloegeshwa linaoza. Petroli inachacha ndani ya tangi. Mipira inakauka na kupasuka, breki zinashikana kwa kutu, betri inakufa kimya kimya, na panya wanahamia chini ya boneti, wanazaa humo na kutafuna nyaya kana kwamba wamealikwa. Nina miaka ishirini na mbili kwenye ufundi wa magari, na gari lililonitesa kuliko yote halikuwa la safari ndefu. Lilikuwa limeegeshwa hatua thelathini kutoka gereji yangu, safi kuliko sahani ya mgeni.

Mwenye gari tulimwita Mzee Stoo. Alikuwa mtunza stoo wa idara ya barabara kwa miaka thelathini na moja. Alikabidhiwa funguo akiwa kijana, akazirudisha kichwa kimejaa mvi. Siku za mwisho kabla hajastaafu walikuja wakaguzi watatu, wakahesabu kila kitu kwa siku nne, wasikute hata nati moja iliyopungua. Hadithi hiyo aliisimulia kila alipopata sikio la kuisikiliza. Mimi nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kuwataja wale wakaguzi kwa rangi za mashati yao.

Kuna kipande cha hadithi ambacho yeye alikiruka, nikakipata kwa mkewe. Ndani ya stoo ile mlikuwa na jozi mia mbili za buti za vibarua. Vibarua walikuwa wakija kuziomba, wengine wamevaa ndala juu ya lami ya moto, naye akawajibu kwamba lazima ije barua ya kuruhusu. Barua haikuja. Miaka ikapita, na wakaguzi walipofungua maboksi walizikuta jozi mia mbili kamili, ngozi zimepasuka, soli zimebanduka. Zikaandikwa kuwa zipo. Mzee akapewa cheti cha uaminifu, akakitundika sebuleni juu ya redio.

Msidhani namsengenya. Nilimpenda mzee yule, na bado nampenda. Nilipohamia mtaa huu sikuwa na mbele wala nyuma, na ni yeye aliyenipa kipande cha uwanja kando ya ukuta wake, nikaezeka mabati manne nikaanza kazi. Hakuniuliza natoka wapi. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama huwa nazirudisha spana mahali pake nikimaliza kuzitumia.

Mkewe tulimwita Mama Uzi, kwa sababu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule kibarazani kwake kwa miaka arobaini, miwani imemshuka puani, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Mimi aliniita fundi mwenzangu. Ukuta baina yetu ulikuwa na tundu la tofali moja lililodondoka, na kila asubuhi sauti yake ilipenya hapo.

"Fundi mwenzangu, leo umeshadanganya wateja wangapi?"

"Wawili, mama."

"Mimi wanne, na hata chai sijanywa."

Tulielewana. Fundi wa nguo na fundi wa magari wana neno lao moja, nalo ni kesho. Mteja akija anaambiwa kesho, akija kesho anaambiwa kesho kutwa asubuhi, na anaambiwa kwa uso mkunjufu mpaka anashukuru. Mama Uzi alikuwa akisema kesho ya fundi haina tarehe. Nilikuwa nacheka sana kwa maneno hayo.

Gari lilinunuliwa mzee alipostaafu. Lilikuwa dogo, la milango minne, la rangi ya maziwa, na lilikuwa limeshapita mkono mmoja tu. Sababu ya kulinunua kila mtu mtaani aliijua. Mwaka mmoja kabla, Mama Uzi alishikwa na moyo mchana wa jua kali akiwa kwenye cherehani. Mzee alikimbia mtaa mzima akitafuta gari, asipate. Mwishowe alimpakia mkewe kwenye mkokoteni wa muuza maji, wakausukuma wawili mpaka hospitali, madumu yakigongana pembeni ya kichwa cha mgonjwa. Alipona, lakini mzee aliapa kwamba siku nyingine kama ile haitamkuta mikono mitupu.

Kwa hiyo gari lile lilikuwa na kazi moja. "Hili si gari la matembezi," alinieleza siku alipolileta nilikague. "Hili ni la siku ya shida. Mama watoto akishikwa tena, dakika tatu tuko barabarani."

Basi akalitunza. Na mzee akitunza kitu, kinatunzwa. Mama Uzi alilishonea vazi la turubai jeupe lenye mifuko ya vioo vya pembeni, gari likivikwa linaonekana kama ng'ombe aliyefunikwa shuka. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi mzee alilivua vazi, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo, akaunga betri, akapima oili, maji na upepo wa matairi. Kisha akaliwasha. Dakika kumi kwa saa yake ya mkononi. Akalisogeza hadi getini, akalirudisha hadi ukutani, akalizima, akaandika kwenye kadi iliyoning'inia msumarini kama zile za stoo, akalivika. Miaka minane, hiyo ndiyo iliyokuwa safari yake, ukutani hadi getini, getini hadi ukutani.

Nilimwambia. Mungu ni shahidi, nilimwambia. "Mzee, dakika kumi za kusimama zinalichosha gari. Stata inakula betri, halafu betri haipati muda wa kujijaza. Litoe barabarani walau nusu saa, injini ipate moto, breki zifanye kazi."

"Akiba haiozi, fundi."

"Akiba haiozi, mzee, lakini tairi linaoza."

Alicheka, akanipiga begani, akaniomba nimletee maji ya betri.

Sasa niwaeleze jambo lenyewe, maana hayo yote ni njia tu ya kulifikia. Mama Uzi alikuwa na dada mkubwa, aliyeishi mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka kwetu. Mama yao alifariki Mama Uzi akiwa mtoto wa miaka mitano, na dada huyo ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni naye mwenyewe bado msichana mdogo. Zamani Mama Uzi alikuwa akipanda basi kwenda kumwona kila baada ya miezi michache. Moyo ulipoharibika daktari akamkataza basi, joto na msukumano vingemmaliza. Gari dogo sawa, alisema daktari, mradi mnapumzika njiani.

Na simu haikusaidia. Dada yule masikio yalikuwa yamekwisha. Mama Uzi akipiga, mwenzake anaitikia "Nani? Nani?" mpaka laini inakatika. Kulikuwa na jirani wa kule aliyefikisha salamu, lakini salamu ya kupitia kwa jirani ni kitu gani? Wale wawili ili wazungumze walihitaji kukaa magoti yakigusana, mmoja amemwinamia mwenzake sikioni.

"Nataka kumwona dada yangu," Mama Uzi alimwambia mumewe. Hakulalamika. Alisema mara mbili tatu kwa mwaka, kama mtu anayekumbusha chumvi imekwisha.

Na mzee hakukataa hata mara moja, hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Alisema tutakwenda, kisha akaniita nilikague gari kwa safari. Nami nikilikagua, nakuta ugonjwa, kwa sababu gari lisilotembea halikosi ugonjwa. Mwaka wa pili matairi yalikuwa na nyufa, hayajakanyaga hata kilomita mia. Mwaka wa tatu petroli ilikuwa imechacha, tukaimwaga tukasafisha tangi. Mwaka wa nne panya walikula nyaya za taa. Mara mkanda, mara bomba la maji. Kila nikitengeneza, mzee anatikisa kichwa: "Unaona? Lingetuangusha njiani. Na kama lingetuangusha huko, halafu huku akashikwa?" Halafu gari linavikwa, tunasubiri ugonjwa mwingine. Likawa haliendi kwa sababu ni bovu, na ni bovu kwa sababu haliendi. Nililiona hilo kwa macho yangu miaka yote, nikawa nabadilisha mipira.

Mara moja tu waliondoka. Ilikuwa mwaka wa tano, Jumamosi. Mama Uzi alivaa gauni la bluu, akabeba kikapu, akanipungia mkono getini kama bibi harusi. Baada ya nusu saa nikasikia geti linafunguliwa. Mzee alikuwa amesikia mlio nyuma, pale kituo cha mafuta, akageuza. Nililala chini ya gari nikatafuta, nikagonga huku na kule, mwisho nikafungua buti la gari. Mkono wa jeki ulikuwa umechomoka mahali pake, unagonga bati. Ni hilo tu.

"Ni jeki, mzee. Nendeni."

Alitazama saa. "Muda umekwenda. Na jua limekuwa kali."

Mama Uzi alishuka, akaingia ndani, akatoka na nguo zake za kazi, akakalia cherehani. Siku ile hakuniuliza nimedanganya wateja wangapi. Nilisikia cherehani tu mpaka jioni.

Mwaka wa nane miguu yake ikaanza kuvimba. Viatu vikamkataa, akawa anavaa ndala za mumewe. Akiongea sentensi mbili anapumzika. Binti yao, muuguzi anayefanya kazi mbali sana na hapa, alikuja wiki moja, akapanga vidonge kwenye vikopo, akanivuta pembeni kabla ya kuondoka. "Fundi, mama hana muda mrefu," aliniambia. "Baba hataki kusikia. Mwangalie."

Asubuhi moja Mama Uzi aliniita pale tunduni. Sauti ilikuwa ndogo, nikasogeza sikio.

"Fundi mwenzangu, unajua dada yangu hajui kama tuna gari?"

"Hajui?"

"Sikumpelekea habari hiyo. Ningempelekea, angeuliza mbona siji. Ningemjibu nini? Kwamba linanisubiri niugue?" Akapumzika. "Sitaki kupelekwa hospitali na gari lile. Hospitali nitakwenda hata na mkokoteni, nimeshauzoea. Nataka gari linipeleke kwa dada yangu, nimwambie mambo yangu sikioni, basi. Mwambie mzee wako. Mimi nimesema mpaka maneno yamechakaa."

Nikamwambia. Nilimfuata siku hiyo hiyo, na sikumwambia kwa adabu iliyostahili, nakiri. Nilimwambia, mzee, unatunza gari kwa siku ya shida, na shida yenyewe imekaa kibarazani inakutazama kila siku. Midomo ikamtetemeka, mtu mzima yule, akasema, "Nikimtoa hapa, hospitali iko mbali. Akifia njiani, fundi?"

"Akifia hapa bila kumwona dada yake?"

Alifuta macho kwa kitambaa kile kile cha kufutia gari. Akaingia ndani. Nilisikia akimwambia mkewe, "Jumamosi hii tunakwenda," na sikusikia jibu, ila baada ya muda kidogo cherehani ililia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Alikuwa akimshonea dada yake gauni, kwa kipimo cha kukumbuka. Jirani wa kule akapigiwa simu amweleze bibi ajiandae, mdogo wake anakuja, tena kwa gari.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi nikalikagua gari. Breki za mbele zilikuwa zimeng'ang'ania kutu kabisa. Si jambo kubwa. Unatoa magurudumu mawili, unachomoa pistoni za breki, unazisugua, unaweka mipira mipya, na ukianza asubuhi, adhuhuri umemaliza. Nikalipandisha juu ya mawe, nikatoa magurudumu, nikachomoa pistoni.

Saa tano akaja mwenye lori la matofali. Mteja wangu mkubwa. Lori limekufa gia katikati ya barabara na matofali juu. Nikapanguza mikono. "Mzee," nilisema, "hapa pamebaki kidogo. Kesho asubuhi namaliza."

Ijumaa nilikuwa bado chini ya lori. Jioni nikapita tunduni nikasema kesho alfajiri, nikasema kwa uso ule ule mkunjufu. Jumamosi alfajiri mwenye lori akanipigia simu. Nilifika kwa mzee saa nne.

Mama Uzi alikuwa amekaa kibarazani, gauni la bluu, mkoba magotini, kikapu miguuni. Mzee alikuwa amemvalisha tangu saa kumi na mbili. Mbele yake gari likiwa juu ya mawe, halina magurudumu ya mbele, breki zimetandazwa kwenye gunia. Nikaanza kujieleza: mama nisamehe, lile lori, sikutegemea. Akainua mkono.

"Usijichoshe, fundi mwenzangu. Kesho ya fundi naijua. Nimeiuza miaka arobaini." Akacheka kidogo, akapumzika. Halafu akanitazama juu ya miwani. "Ila mimi nilikuwa nachelewesha sare tu."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, na niliuona uso wake. Hakukasirika. Alikuwa na nafuu, kama mtoto aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. "Hakuna neno," alisema. "Jumamosi ijayo. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, baba watoto," akasema Mama Uzi, akaomba asaidiwe kuinuka.

Kule, nilikuja kuambiwa baadaye, dada yake alikaa mlangoni siku nzima.

Jumatatu adhuhuri gari lilikuwa tayari. Nililiendesha mwenyewe hadi kituo cha mafuta na kurudi, breki zinashika kama mpya. Nikamkabidhi mzee ufunguo, nikamwambia, "Hata kesho mnaweza kwenda."

"Tumeshasema Jumamosi," alijibu. "Jumamosi ndiyo siku yake."

Hapo ndipo ningesema. Ningempigia kelele. Lakini mtu aliyechelewesha kazi siku nne atamkaripia nani kwa kuchelewa? Mama Uzi alikuwa anasikia kibarazani, akasema haya, Jumamosi.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, alisema analala kidogo. Mzee alitoka kupima upepo wa matairi, ingawa alikuwa ameupima jana yake. Kisha akaingia kumuuliza mkewe mto gani awekewe kwenye kiti. Nilimwona anatokea upande wangu, hajakimbia, hajapiga kelele, kashika kipimo cha upepo mkononi.

"Fundi, njoo umwangalie mama watoto. Naona amelala vibaya."

Nilikwenda. Nilimgusa mkono, nikajua. Nikatuma mtu kumwita muuguzi wa nyumba ya tatu, akaja na kifaa chake, akakiweka kifuani, akasikiliza, akakitoa akakikunja. Nilipogeuka mzee hakuwepo. Nikamkuta nje. Alikuwa ameshafungua milango yote miwili ya geti, ameshavua vazi la gari, injini inanguruma.

"Tumpakie," akasema. "Dakika tatu tuko barabarani."

"Mzee."

"Betri nimeunga. Upepo sawa. Shika miguu, mimi nashika kichwa."

"Mzee, hakuna pa kumpeleka."

Alinitazama, akatazama gari. Akaweka mkono juu ya boneti, akauacha hapo mpaka injini ikaanza kupata moto, na sikuwa na ujasiri wa kwenda kuizima. Muuguzi ndiye aliyeizima.

Binti yao alipigiwa simu, akaanza safari. Likabaki la dada. Jirani wa kule alisema yeye hawezi, hawezi kumpigia bibi kizee yule kelele za msiba sikioni, tumsamehe. Watu wakajitolea kwenda. Mzee akakataa. "Nitamfuata mimi shemeji yangu," alisema, "nimlete amzike mdogo wake." Hakuwa ameendesha mwendo mrefu kwa miaka, nikasema nitakuwa naye.

Tuliondoka Alhamisi asubuhi. Nilifungua mlango wa mbele nikae naye, akaniambia, "Keti nyuma, fundi." Nikakaa nyuma.

Nawaambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Njia nzima niliomba gari lile liharibike. Nilitega sikio kwenye kila mlima. Niliomba lichemke, lipasuke bomba, likatike mkanda, lituache kando ya barabara na aibu yetu, ili mzee aseme unaona, na mimi niseme kweli mzee, lisingefika. Halikutoa hata mlio mmoja. Lilipanda, likashuka, breki zikashika, sindano ya joto ikatulia katikati. Sijawahi kukaa kwenye gari zima kama lile. Baada ya mwendo wa saa tatu kamili tukawa tumefika. Tulipovuka daraja, mzee alisema, "Kumbe si mbali."

Nyumba ya dada ilikuwa ya mwisho kwenye njia ya changarawe. Alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda, fimbo magotini. Gari hakulisikia, aliliona. Aliinuka haraka kuliko nilivyodhani mwili ule unaweza. Alimwona shemeji yake kwenye usukani, kisha akaona kuna mtu kiti cha nyuma, na uso wake wote ukafunguka. Akaja akiburuta fimbo, akampita mzee aliyekuwa anashuka, asimwangalie hata kidogo. Alifika kwenye mlango wangu, akaufungua kwa mikono miwili.

Akanikuta mimi.

Aliinama akachungulia upande wa pili wa kiti. Akachungulia mbele. "Yuko wapi?" aliuliza, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Mteremsheni basi, mbona mnamchelewesha?"

Mzee alisema, "Shemeji." Alisema polepole, macho chini, na bila shaka hakusikika. "Nani?" akauliza bibi. Mzee akajaribu tena, sauti ikamkatika. Akanitazama. Nikashuka, nikamshika bibi mabega, nikainama sikioni mwake, pale ambapo mdogo wake alitaka kuinama. Nikasema. Hakusikia. Nikasema kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu nilipiga kelele, nikapiga kelele kwamba amekufa, amekufa jana, mpaka majirani wakatoka majumbani.

Alisikia. Hakuanguka, hakulia. Aliendelea kushikilia mlango ule ulio wazi, akapitisha kiganja juu ya kiti kilichokuwa kipya kana kwamba kimetoka dukani leo. Kisha akamgeukia mzee.

"Hili gari," alisema, "mnalo tangu lini?"

Mzee Stoo alifungua mdomo akaufunga. Alijua hatasikika. Akainua mikono yote miwili, akamwonyesha vidole vinane, na bibi akavihesabu kimoja kimoja, kwa sauti, mbele ya watu wote.